Mbinja ya Kuitia Ng'ombe

Jibu liliingia kabla ya swali, na Munyoki hakulitilia maanani. Wenyeji wa Bongwe, kijiji alikopanga nyumba, watakwambia kosa lilianza mapema zaidi, lile la mbinja, nao wana haki yao. Lakini tuanzie hapa barazani, jioni ile.

Alikuwa ametoka kazini, hoteli moja ya Diani, ambako kutwa nzima hubembeleza kompyuta za watu. Shati la kazi hajalivua. Kompyuta yake mwenyewe iko mapajani, anaandika arifa ya kujaribia: "Mgonjwa anahitaji damu. Je, utakuja?" Kidole hakijagusa kitufe cha kutuma, na tayari kwenye kioo pamejiandika: *Nakuja*. Akatafuta jina la aliyejibu. Mahali pa jina palikuwa peupe. Akasonya, akafuta, akaandika upya. Mtu aliyeshikwa na hasira hana nafasi ya kuogopa, na Munyoki alikuwa na hasira za wiki nzima.

Hasira zenyewe zilikuwa na sababu. Apu ile, aliyoiita Itika, hakuiunda kwa kutafuta sifa. Mkewe Winrose alikuwa na mimba ya pili. Ile ya kwanza ilimtoa damu hata midomo ikageuka rangi ya majivu. Mtoto alikufa, na mama akapona kwa sababu tu mpishi mmoja wa hotelini alikuwa na damu ya kundi lake, kundi adimu, la kutafutwa kwa tochi mchana. Sasa daktari wa hospitali ya masista, kwenye njia ya Msambweni, alikuwa amemwita Munyoki kando akamwambia kwamba damu inaweza kutoka tena vilevile, na kwamba akiba ya kundi lile hawana. "Jipange mapema," alimwambia, utadhani damu ni saruji, mtu ataagiza lori limwage mlangoni.

Basi akajipanga kwa njia aliyoijua. Akaunda Itika pamoja na rafiki yake Lennox, kijana wa Ukunda aliyejua kuchora na kupamba. Mtu anajisajili, anaandika kundi lake la damu na mahali anapokaa. Siku hospitali ikikwama, muuguzi anabonyeza, na simu za wote wanaofaa zinalia papo hapo. Majibu ni mawili tu: Nakuja, au Siwezi. Watu walijisajili toka Tiwi hadi Majoreni, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwa masista waliwapima kundi lao bure.

Ikabaki sauti ya arifa. Lennox alisema, "Buda, hizi ting-ting kila mtu anazo. Tuweke kitu noma, msee akisikia anaruka kwa kitanda."

Hapo Munyoki akamkumbuka marehemu baba yake, kule Kitui. Mzee alikuwa na mbinja yake ya kuitia ng'ombe jioni: moja fupi ya chini, moja ya juu, halafu ndefu inayoshuka polepole mpaka ikafia kooni. Ng'ombe wakiisikia, hata wawe ng'ambo ya mto, hugeuza vichwa na kuanza safari ya zizini. Hakuna aliyebaki nyuma. Munyoki aliijua kwa sababu alifundishwa akiwa na meno ya maziwa. Akasimama barazani, magharibi, jua linazama, akapiga mbinja ile mara nyingi mpaka Lennox akapata moja nzuri ya kurekodi. Winrose naye akajaribu. Pale penye mwanya wa meno yake pakatoka pumzi na mate, wakacheka wote watatu hadi wakashika mbavu.

Ng'ambo ya ua, Bi Rai, mwenye nyumba wao, alipaza sauti. "We! Ni nani huyo apiga mbinja magharibi hii?"

"Ni mimi, Bi Rai. Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke. Mbinja haipigwi hapa jua likitua. Wamwita nani?"

"Simwiti mtu, Bi Rai. Ni ya simu tu."

"Ya simu!" Akaingia ndani akinung'unika, na mlango ukafungwa kwa kishindo. Lennox akapiga nyingine ya kumwiga, wakacheka tena. Watu wa bara bwana. Kwao mbinja ni ya mifugo. Huku pwani mtoto akiipiga magharibi hupigwa kofi la mdomo kabla haijaisha.

Sasa apu ikafunguliwa, na ikawa haifanyi kazi.

Ingekufa kabisa, Munyoki angejua pa kushika. Hii ilikuwa inafanya kazi kwa uongo. Akituma arifa, seva inamwambia imefika. Akiuliza kama imefunguliwa, inamwambia imefunguliwa. Akiuliza wamejibu nini, kioo kinajaa *Nakuja, Nakuja, Nakuja* kutoka juu hadi chini. Halafu anampigia simu mmoja wao, na mtu anamwambia, "Arifa gani, ndugu yangu? Mimi simu yangu imelala kimya toka asubuhi."

Akaanza na yale ambayo kila fundi huanza nayo. Labda wamezima ruhusa ya arifa. Akawaeleza wawashe, wakawasha. Labda ni zile simu za bei nafuu, zinazoua apu ili kuokoa betri. Akawaandikia maelezo yenye picha, bonyeza hapa, sasa hapa. Labda bando limeisha. Labda funguo za seva zimezeeka. Akazitupa, akatengeneza mpya. Akakesha na msimbo, akasoma mstari kwa mstari, akamlaumu Lennox, akaomba msamaha, akamlaumu tena. Siku ya mapumziko akaabiri mpaka Msambweni kwa Mwalimu Everline, mmoja wa waliojisajili, akaketi sebuleni kwake, simu ya mwalimu mezani mbele ya macho yake. Ruhusa ipo. Bando lipo. Chaji imejaa. Akatuma.

Simu ikanyamaza. Kwenye kompyuta yake: *Imefika. Imefunguliwa. Nakuja.*

"Labda ni mtandao," Mwalimu Everline akasema kwa huruma, akamwongezea chai.

"Si mtandao!" Munyoki akafoka, kisha akaona haya, maana alikuwa amemfokea mtu mzima nyumbani kwake, tena na mandazi yake mkononi.

Siku chache baadaye Sista Jacinter, muuguzi wa zamu, akampigia. Hakusalimu. Walikuwa na mgonjwa wa upasuaji mezani, akabonyeza Itika, kioo kikafurika *Nakuja*. Akawaambia jamaa wa mgonjwa watulie, watu wako njiani. Akangoja. Hakuja hata mmoja. Mgonjwa aliokolewa na shemeji yake aliyepita tu kuleta uji, damu yake ikafaa.

"Ungeniambia hakuna mtu, ningetafuta," Jacinter alisema. "Wewe umenidanganya nikakaa kitako. Munyoki, na mkeo ndiye huyo anakaribia. Siku yake utanipa huu uongo tena?"

Munyoki alikata simu, akaipiga ngumi meza hata glasi ikaanguka. Alikuwa amechoka, maskini. Alikuwa amefikia pale ambapo mtu anatamani kosa liwe lake, ili alipate alirekebishe.

Ndipo Winrose akaanza kusikia harufu.

"Kuna mtu kafuga ng'ombe hapa karibu?" aliuliza siku moja wakati wa kupika. Munyoki akanusa. Kweli. Harufu ya zizi lililonyeshewa, samadi na manyoya mabichi, ndani ya nyumba ya kupanga yenye sakafu ya saruji, ambapo mnyama wa karibu ni paka wa Bi Rai. Wakatafuta kila pembe, wakamwaga dawa ya kunukia. Harufu ikaondoka. Kesho yake, jua lilipotua, ikarudi.

Na majibu yakaanza kubadilika. Munyoki alituma arifa ya majaribio jioni, na badala ya *Nakuja* akasoma: *Nimekaribia*. Akampigia Lennox palepale.

"Nani amekwambia uongeze kitufe?"

"Kitufe gani?"

"Cha Nimekaribia!"

"Buda, mimi sijagusa kitu. Ni Nakuja na Siwezi, basi. Uko sawa lakini? Umelala kweli?"

Hakuwa amelala. Akafungua msimbo, akatafuta neno lile toka mwanzo hadi mwisho, halimo. Kompyuta haiwezi kusema neno ambalo haikufundishwa, hilo alilijua kama anavyojua jina lake, na neno lilikuwa pale kwenye kioo, linamtazama.

Mvua ya masika ikaingia. Jioni moja ilinyesha hata barabara ya Bongwe ikageuka mto, stima zikakatika, na Munyoki, kwa ukaidi tu, kwa ile hasira ya mtu asiyekubali kushindwa, akatuma arifa moja zaidi kwa chaji iliyobaki, akijiambia hii ya mwisho, nikishindwa naivunja kompyuta hii. Simu yake mwenyewe, iliyokuwa mezani, ikapiga mbinja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa simu yoyote kulia, na angepaswa kufurahi, lakini mbinja ile haikuwa ile aliyoirekodi, ilikuwa na kikohozi kidogo mwishoni, kikohozi cha mzee wa tumbaku, na baba yake alikufa na kikohozi kile. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: *Niko mlangoni*.

Winrose akamshika mkono. Harufu ya zizi ikaingia kupitia chini ya mlango, nzito, yenye joto, kisha katikati ya mvua wakasikia hatua barazani, ko, ko, ko, si viatu, kitu kigumu kinachokanyaga saruji bila haraka, kinatoka upande wa ua, kinapita chini ya dirisha ambalo pazia lake lilikuwa limeinuka kidogo na hakuna kati yao aliyethubutu kunyoosha mkono kulishusha, kinafika mlangoni, kinasimama, na wao wawili wakasikia pumzi ndefu ya puani, ile pumzi ya mnyama aliyefika nyumbani jioni akasubiri afunguliwe.

"Hodi," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya adabu kabisa.

Munyoki akainuka. Hajui kwa nini aliinuka. Labda ni malezi, mtu akibisha huitikiwa. Winrose akamvuta kwa nguvu zote za mwanamke mjamzito.

"Usiitike," alimnong'oneza. "Bi Rai alinieleza. Binadamu hubisha mara tatu. Wale hubisha mara moja tu. Ngoja ya pili."

Wakangoja. Mvua ikanyesha, ikapungua, ikakatika, vyura wakaanza. Hodi ya pili haikuja. Asubuhi, kwenye tope lililosombwa hadi barazani, palikuwa na alama za kwato zilizopasuka katikati, kubwa, nyayo mbili tu badala ya nne. Zilikuja mpaka mlangoni. Hazikurudi popote.

Bi Rai aliziona kabla hawajawahi kuzifagia. Hakusema "niliwaambia", na hilo lilimtisha Munyoki zaidi kuliko matusi. Alisema tu, "Naenda kumwita Mwero."

"Bi Rai, mimi nimeokoka. Mambo ya waganga siyawezi."

"Umeokoka, na mbinja wapiga. Kaa hapo."

Mwero alikuja kwa pikipiki yake mwenyewe, fulana ya mpira, simu mbili kiunoni. Munyoki alitarajia mzee wa mikufu. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, na neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa malalamiko.

"Kumbe ndiye wewe wa Itika! Mimi nimejisajili kitambo. Hata siku moja sijasikia ikilia. Nikasema, hawa vijana wa bara wametuchukulia majina yetu bure."

"Hailii kwa yeyote," Munyoki akasema, na machozi yakamlenga, kwa kuwa alikuwa amechoka kulisema neno hilo. "Nimefanya yote, Bwana Mwero. Yote. Sioni kosa."

Mwero akaomba kuisikiliza ile sauti ya arifa. Akaisikiliza mara moja, akaizima upesi, akamgeukia. "Hii ni ya kuitia nini?"

"Ng'ombe. Waje nyumbani."

"Na uliipiga wapi?"

"Hapahapa. Magharibi."

Mwero akavuta pumzi. "Basi wataka kosa gani jingine? Umesimama kwenye nchi ya watu, saa yao, ukapiga wito wa kurudi nyumbani. Nyumbani kwako. Mwenye kwato akasikia, akageuza kichwa. Na kila ukituma, yuwaitika yeye kwanza, aliye karibu zaidi na mlango. Wito ukishaitikiwa umekwisha. Hao wengine utawafikia na nini?"

Lennox, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti akijifanya hasikii, akasema polepole, "Si hata hiyo inamake sense, buda," na hakuna aliyecheka.

Kazi ilifanyika alasiri, jua lingali juu. Bi Rai alileta chetezo na ubani, Mwero akanyunyiza marashi kwenye vizingiti na kusoma aliyoyasoma. Munyoki alipewa sehemu yake, na ilimwia ngumu kuliko alivyodhani. Alitakiwa asimame mlangoni aseme kwa kinywa kilekile kilichoita: "Nilikuita bila kujua. Sikukusudia wewe. Niwie radhi, urudi ulikotoka kwa salama." Alisema, na moshi wa ubani uliokuwa ukipanda wima ukalala, ukatoka nje ya mlango kwa mkupuo mmoja kana kwamba kuna aliyepita nao. Harufu ya zizi ikakatika.

"Amekubali," Mwero akasema, akijifuta jasho. "Ni mstaarabu, nashukuru. Sasa nisikilize vizuri. Safari hii alikuja kwa makosa, ndiyo maana ametoka kwa radhi. Ukimwita tena ukijua umwitaye, huyo ni mgeni wa kualikwa. Na mgeni wa kualikwa mimi simtoi. Hakuna amtoaye."

"Siwezi kumwita tena. Mimi nina wazimu?"

"Haya."

Usiku ule Munyoki na Lennox waliing'oa mbinja kwenye apu. Haikutoka kwa urahisi. Simu hushikilia sauti iliyopewa mara ya kwanza. Ukibadilisha kwenye seva, yenyewe inaendelea na ileile ya zamani. Ikabidi wafungue njia mpya ya arifa, yenye sauti ya kengele, waizibe ile ya kale, na wambembeleze kila mtu aliyejisajili aiapdeti apu yake. Wakamaliza asubuhi. Munyoki akatuma.

Simu ya Mwero ililia kengele akiwa sokoni, akapiga kelele za kufurahi hata wauza samaki wakamshangaa. Mwalimu Everline akajibu Nakuja, kisha akapiga kuuliza kama ni kweli. Zikaja *Nakuja* chache, zikaja *Siwezi* nyingi, na zile *Siwezi* ndizo zilizomliza Munyoki, kwani jini halina siku ya kusema siwezi. Hawa walikuwa watu. Mtu ana homa, mtu yuko safarini, mtu anaogopa sindano. Alizisoma moja moja, akicheka, makamasi yanamtoka.

Wakakaa kwa amani mpaka Winrose alipoingia mwezi wake wa kujifungua.

Uchungu ulianza mapema, na damu ikaanza na uchungu. Walipofika kwa masista kitenge chake kilikuwa kimeloa. Mtoto alitoka salama, mvulana, analia kwa nguvu, na Munyoki hakupata hata muda wa kumtazama kwa kuwa Jacinter alitoka na uso uliofungwa.

"Inatoka haikomi. Nimebonyeza. Fuatilia huko kwako."

Arifa zilikuwa zimefika, zote, kengele zililia pwani nzima. Hakuna hitilafu hata moja. Munyoki alisoma majibu, na kila jibu lilikuwa la kweli. Wenye damu inayofaa walikuwa wachache mno. Mpishi yule wa hotelini: *Siwezi*. Akampigia. Yuko Samburu, kwenye barabara ya Nairobi, amekwenda likizo, lori limelala njiani na magari hayapiti. Akampigia mwingine wa Majoreni, simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Gari la kuleta damu kutoka Mombasa lilikuwa limetoka, na njia mnaijua, kivuko na foleni zake.

Akachungulia mlangoni. Winrose alikuwa na ile rangi ya majivu. Alimwona, akajaribu kutabasamu.

"Itika yako inafanya kazi?" aliuliza kwa pumzi tu.

"Inafanya. Wanakuja, mama. Wanakuja."

Alikuwa amemdanganya mtu anayekufa. Alitoka nje mbio, akasimama nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia mashuka. Jua lilikuwa linazama. Adhana ya magharibi ilikuwa imetoka kumalizika, na palikuwa na ule ukimya wa watu walioingia kusali. Alipiga ngumi ukuta wa mawe mpaka vifundo vikachubuka. Akamlaumu Mungu, akamwomba Mungu, akangoja kidogo. Miezi yote ile alitafuta kosa, na sasa kosa halipo, kila kitu kinafanya kazi, na mkewe anakufa vilevile! Alijua yuko mmoja tu ambaye akiitwa haji kusema siwezi. Alikumbuka pia maneno ya Mwero, yote, mpaka namna alivyojifuta jasho.

Akaweka ulimi nyuma ya meno. Moja fupi ya chini, moja ya juu, halafu ndefu, inayoshuka polepole, mpaka ikafia kooni.

Simu ikatetemeka mfukoni. Hakuitoa. Mashuka kwenye kamba yaliinuka yote kwa pamoja ingawa hapakuwa na upepo, na harufu ikaja, zizi lililonyeshewa, na nyuma yake akasikia kikohozi kidogo, na kwa muda mfupi yeye alikuwa mtoto wa Kitui tena, na alitaka sana kugeuka.

"Salaam," sauti ya adabu ikasema. "Nimeitwa."

Alikuwa mwanamume mrefu, uso wa upole, kanzu nyeupe ndefu mno, inaburura ardhini. Munyoki alimtazama usoni. Aliendelea kumtazama usoni. Aliingia naye kwenye ukumbi wa vigae, ko, ko, ko, ko, wakipita mbele ya madawati ya wagonjwa, na mtoto mmoja aliyekuwa amepakatwa na nyanyake akatazama chini akaanza kupiga mayowe asinyamazike, na Munyoki hakuteremsha macho, hakuyateremsha hata mara moja, kwani asiyeona anaweza kuapa hakuona.

Jacinter alipima haraka. Kundi lilikuwa lenyewe. "Asante Yesu," akasema, akafunga mpira mkononi mwa mgeni. Baadaye kidogo, alipouchukua mfuko uliojaa, Munyoki alimwona anausogeza shavuni, anakunja uso. Damu iliyotoka mwilini dakika ile huwa na joto. Ule mfuko alikuwa ameushika kwa kitambaa, kama mtu anayetoa samaki kwenye friza. Lakini mgonjwa alikuwa anakwisha, na Jacinter ni muuguzi. Akautundika.

Mgeni alishusha mkono wa kanzu. "Usinishukuru sasa," alimwambia Munyoki. "Nitapita nyumbani."

Winrose akapona. Rangi ikarudi mwilini kabla gari la Mombasa halijafika, na daktari akasema ni ajabu. Walirudi Bongwe, Bi Rai akamkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga, na arobaini ikapita bila la ajabu. Mtoto ananyonya, mama anacheka, Itika inalia kengele toka Tiwi hadi Majoreni na watu wanapona kwayo. Munyoki hakumwambia mtu. Mwero alipompigia simu hakuipokea. Alinunua komeo la pili la mlango, na Winrose alipouliza la nini, akasema ni wezi.

Jioni moja mtoto alikuwa analia, amekataa titi, amekataa mgongo. Munyoki alikuwa jikoni anakoroga chai. Jua lilikuwa limeanza kuzama, naye alikuwa anafikiri afunge madirisha.

Kilio cha mtoto kikakatika, na badala yake akasikia mbinja. Moja fupi ya chini, moja ya juu, halafu ndefu inayoshuka polepole. Mwishoni ilikuwa na kikohozi kidogo. Alitoka na kijiko mkononi. Winrose alikuwa ameketi kitandani na mtoto kifuani, midomo ameikunja, Winrose ambaye akijaribu hutoa pumzi na mate, na mtoto alikuwa ametulia, amegeuza kichwa chake kidogo kuelekea mlangoni.

"Nani amekufundisha?" Munyoki akauliza.

"Nini?" Winrose akasema. "Namtuliza tu mtoto."

Barazani, ko, ko, ko, bila haraka, ikipita chini ya dirisha, ikifika, ikisimama.

"Hodi."

Munyoki akamnyooshea mkewe kiganja, kwamba anyamaze, kwamba wangoje ya pili kama walivyongoja siku ile ya mvua. Aliingoja kwa mwili wake wote. Chai ikafurika jikoni, ikazima moto.

Winrose akainuka, mtoto begani, akamtazama mumewe kwa mshangao kidogo, jinsi mke anavyomtazama mume aliyemwaibisha mbele ya watu.

"Karibu," akaitikia. Kisha akamwambia Munyoki, "Mbona wamngojesha mgeni wako?" na akaenda kufungua makomeo.